Ulezi Niliomwagia Maji ya Moto

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyochemsha maji kwa ajili ya mbegu. Usicheke. Nimesikia wale vijana wanaokusanya mbegu wanakuja tena Alhamisi na bahasha zao, na jana nilikusikia ukimnong'oneza mkeo kwamba mtawapa mtama uliobunguliwa, ule mzuri muufiche. Basi kaa hapa kwanza.

Nilikuwa na mwaka wa pili tangu niolewe, kule Kabasa ilipokuwa bado mashamba. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne, na hilo lilinitosha kujiona mjanja kuliko watu wote wa boma lile. Mama mkwe wangu, Nyanjige, alikuwa na ulezi wake. Aliuleta kutoka kwao Butiama alipoolewa, masuke machache yamefungwa kwenye kitambaa, na kila mwaka alichagua mengine kwa mkono wake akayaning'iniza juu ya moto jikoni, moshi uyalinde na wadudu. Mwaka ninaousema, ulezi wa majirani ulishikwa na ugonjwa, ukakauka shingo, masuke yakabaki makapi. Wake ulisimama. Habari zikamfikia bwana shamba.

Alikuja kwa baiskeli, kijana mpole, viatu vimejaa vumbi, na bahasha za kaki mfukoni. Alisema wanakusanya mbegu za wazee kutoka Mara yote, wazipande pamoja kwenye shamba moja karibu na Musoma, waone ipi inavumilia ugonjwa, ipi inakomaa mapema, ipi hailali kwa upepo. Aliuliza maswali chungu nzima. Huu ulezi unakaa siku ngapi shambani? Ndege wanaupenda? Uji wake unakuwaje? Yote akayaandika. Mimi nikajiambia, huyu anauliza kama mtu anayeposa, ila mahari haitaji.

Niwe mkweli, sababu za kushuku zilikuwepo. Miaka ile ya ujamaa kila wiki alikuja mtu na daftari. Ng'ombe waliandikwa, sisi tuliandikwa, na tulikuwa tumeanza kusikia kwamba tutahamishwa. Kisimani walisema ukishatoa mbegu yako utakatazwa kuipanda, utaletewa ya serikali. Nani alisema? Hakuna aliyejua. Mimi niliamini.

Mama mkwe hakuwa na wasiwasi. "Mpe masuke mawili matatu, Nyamisi," aliniambia. "Mbegu nilikuwaga nawapa hata watu nisiowajua. Atapitia kesho." Akaenda zake msibani Butiama.

Nikapukuchua. Nikachemsha maji, nikayamwaga juu ya ulezi, nikauacha kidogo usije ukaota, nikauchuja, nikauanika kwenye ungo. Ulipokauka, hata mimi nisingeutofautisha na ule mzima. Bwana shamba aliupokea kwa mikono miwili, akaandika juu ya bahasha: Nyanjige, Kabasa. Akashukuru sana. Siku nzima nilifurahi, nikijiona nimeilinda nyumba.

Kisha tukahamishwa kweli. Mvua ilitukuta kwenye kijiji kipya hatujaezeka. Masuke ya mama mkwe yalikuwa ndani ya gunia, yakaota humo humo, yakaoza, na ulezi wa kula ulikuwa umeshaisha. Nilidhani atalia. Akacheka. "Si upo ule wa bwana shamba? Nitamwomba anijazie kibuyu."

Nilipaswa kusema pale pale. Niliogopa, nikaendelea kukoka moto. Msimu ule hakupanda ulezi wowote, alisubiri wake.

Ulezi wa majaribio ulipokomaa, bwana shamba aliwaita wenye mbegu wote wakauone. Tulipanda lori. Mama mkwe alivaa kitenge chake cha kanisani, akapakata kibuyu kitupu. Njia nzima nilikuwa nakitazama kile kibuyu, mwanangu.

Shamba lilikuwa mistari mistari, na kwenye kila mstari kijiti chenye kibati, jina la mwenye mbegu limeandikwa. Mingine ilikuwa imekauka shingo. Mingine masuke yameinama kwa uzito. Watu walikimbilia majina yao wakicheka. Kwenye jina letu palikuwa na udongo tu.

"Mama, nilipanda mara mbili," bwana shamba alisema kwa sauti ya chini. "Haukuota hata mmoja. Sijui nilikosea wapi."

Mama mkwe aliutazama udongo, akamtazama yeye. "Umeuza," alisema. "Mbegu ya mama yangu umeiuza wapi?"

Watu wakaanza kusogea. Mama mmoja aliyetoka Murangi alipaza sauti kuliko wote, kwamba hata mstari wake anauona mfupi, kwamba hawa watu wanaibaga kidogo kidogo. Mwingine akadai bahasha yake. Yule kijana hata wakati huo alikuwa anajilaumu mwenyewe, eti labda aliufukia chini mno.

Hapo nikasema. Nilisema kwa kelele kwa sababu sauti ndogo isingetoka. "Niliumwagia maji ya moto. Mimi."

Bwana shamba alikaa chini pale pale kwenye udongo. Mama mkwe hakunipiga wala hakunitukana. Akasema, "Yeye ulimshuku, sawa. Na mimi je? Mbona hukuniuliza?"

 Nimezeeka na swali hilo.

Yule mama wa Murangi, kwa aibu nadhani, alimjazia kibuyu ulezi wa mstari wake, na ndio tunaokunywa uji wake hadi leo. Ni mzuri. Lakini mama mkwe hakuwahi kuuita wake. Aliomba kile kibati chenye jina lake, akakitundika jikoni juu ya moto, pale yalipokuwa yananing'inia masuke. Ndicho kile mnachoniulizaga kwa nini sikitupi.

Sikwambii uwaamini watu wa daftari na bahasha. Mimi mwenyewe nawatazama kwa pembe ya jicho mpaka wavuke barabara. Waulize mbegu inakwenda wapi, na ni nani atakayeirudisha ukiihitaji. Nyingine bakiza nyumbani, nyingine mpe jirani. Usiporidhika na majibu, wakatalie mbele yao, wanune, waende. Lakini ukishasema unatoa, toa inayoota. Na kabla ya kufanya ujanja wowote kwa jina la nyumba hii, niulize, ningali hai.

Mungu akujalie shamba ambalo kila mstari umeota, na watoto watakaokuuliza kabla ya kuchemsha maji. Haya, nenda ukaushushe darini ule mtama mzuri niuone.