Kashe juu ya kidevu cha mkubwa wa Moscow

Baba alisoma Moscow enzi za Wasovieti. Alirudi Butembo na shahada ya udaktari wa mifugo na picha ya mkubwa mmoja wa chama, kifua kizima medali, sahihi ya wino chini ya kidevu. "Alinisinyia yeye mwenyewe," alimwambia kila mgeni, kidole juu ya sahihi. Hakuna aliyemwamini, na Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka. "Mukubwa wa Moscow atakujulia wapi, weye?" Baba akafa na jina la mwongo, na mpaka leo linaniuma.

Ndiyo maana nilianza kukusanya beji, mabango, kadi za chama, chochote cha Kisovieti chenye sahihi, nipate cha kulinganisha. Mke wangu analia kwamba chumba cha wageni kimejaa wanaume wenye sharubu. Mwishowe nikampata mzee mmoja wa Beni, mkusanyaji anayeheshimiwa na wakusanyaji wenzake wote wa Kivu Kaskazini, yaani mimi. Alikubali kuja kuikagua picha ya Baba.

Asubuhi ya kuja kwake, mahali pa picha ukutani palikuwa patupu. Mara Mama akaingia anahema, amevaa kitenge cha kanisani, picha kwapani. Waswahili husema lisemwalo lipo. Kwetu lisilo na kashe, muhuri wa ofisi, halipo. Mama alikuwa ameipeleka kwa chef wa quartier, mkuu wa mtaa wetu. Muhuri wa zambarau ulikaa juu ya kidevu cha mkubwa, na sahihi ya chef ilikuwa imepita juu ya ile ya Moscow, haisomeki tena.

"Mama, umeua picha!" nilipiga kelele.

"Nimeua nini? Sinyatire bila kashe njo nini?"

Mzee wa Beni akafika kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alivaa miwani, akaigeuza picha huku na huku.

"Ya huyu mukubwa, miye sijue," alisema. "Mais ya chef, hiyi iko vraie, ya kweli kabisa."

"Unasikia?" Mama akanigeukia.

Nilikaribia kulia kwa hasira. Nikamuuliza Mama ilikuwaje chef akubali kuthibitisha jambo asilolijua.

"Aliomba témoin, mutu wa kushuhudia," Mama alijibu. "Nikasema témoin njo miye. Nikainua mukono mbele ya batu bote: bwana yangu hapana mutu wa bongo, alisemaka kweli tu."

Akapanda juu ya kiti kuirudisha picha ukutani. Nikamshikia kiti.