Uzi Yenye Kapinga Alianika

Mu 1993, wakati balikuwa banafukuza Bakasai, bantu ba Kasai, mu Katanga, vijana balivunja mulango ya Casimir kule Ruashi. Wa kwanza kuingia ni jirani wake, ule alikuwa anakuyaka kumuomba chumvi. Bwivi mutupu! Casimir alizaliwa hapa hapa, Tshiluba yenyewe, luga ya Bakasai, anaiongeaka vibaya. Balibeba matela ya kulalia, balibeba masufuria. Yeye alitoka na mama yake Kapinga na mukebe moja ya maziwa. Mu barabara bantu balimucheka: "E Muluba, diamant yako iko muzito?"

Haikuwa diamant, almasi ya kule Kasai. Ilikuwa uzi ya plastiki, nyembamba kama nywele, rangi ya rose. Casimir alikuwa musaidizi mu labo, na prof wake alimufunza: mwangaza yenye kubeba sauti ya telefone inachokaka mu njia. Ikipita mu ile uzi, ile rangi ya rose inaipatia nguvu, inaendelea mbele. Mu pillage, bwivi ya muji muzima, prof alikimbia, bantu baliiba mashini yote. Uzi tu ndiyo ilibakia. Prof mwingine wa Kinshasa alimutumia neno: leta ile uzi nzima, kazi yako iko huku. Lakini yuba, ni kusema jua, inakulaka ile rangi, na rangi ikiisha, uzi iko kamba ya kufunga mboga.

Ku gare balilala chini, kungojea train ya Kasai, njia ya kwenda Kinshasa. Mvua ilibapiga. Kila asubui Casimir alienda kutafuta unga, mama alibakia kuchunga mukebe. Alimukataza kuifungua. Juu ya nini, hakumuambia; alisema mambo ya labo itamuchokesha mama bure.

Siku train ilifika, alifungua. Uzi ilikuwa nyeupe pe.

Alimuuliza polepole nani aliigusa.

"Ni mie, tatu," Kapinga alisema. Tatu ni baba mu Tshiluba; alimuitaka vile juu Casimir iko na jina ya baba ya Kapinga. "Mvua iliingiamo. Ukienda, naanika, pamoja na makayabu, samaki yetu ya chumvi. Kintu yako ya maana, niiache ioze?" Aliinyanyua ku yuba. "Ona. Uchafu yote ilitoka."

Casimir alitaka kupiga muntu. Sasa apige nani? Bantu balikuwa banapanda juu ya wagon, banasukumana.

"Aksanti, Mamu," alisema. "Ilitakata muzuri."

Alinyoosha mukono apokee mukebe, amupandishe. Mama alikatala. Aliikumbatia ku kifua: ataichunga mwenyewe mpaka kwa ule prof, juu Casimir anaachaka mayi ya mvua iingie.