Sahani Tano Nje ya Mlango wa Boga

Kwaru, kwaru, kwaru. Ni saa kumi na moja alfajiri hapa Msambweni, na mbuzi ya nazi inakwaruza gizani. Boga Chirau, jirani yangu, amekaa juu yake, mguu wa kushoto ameunyoosha. Haukunjiki tangu alipojeruhiwa vitani Burma, miaka kumi sasa.

Siku nyingine nazi hii ni ya mbaazi, anazouza kando ya njia pamoja na mahamri, hamri moja kwa ndururu, senti tano. Leo ni ya samaki. Ni tarehe kumi na nne Aprili, na Boga anapika vyakula vitano vya kuweka nje ya mlango wake.

"Baba watoto, ya mwaka jana hayakukutosha?" anauliza mkewe, Mishi, akichochea moto. "Si uwaite watu waje wale ndani, kama wenzio?"

Mwaka jana ndiyo mara yake ya kwanza kuweka. Sahani zilinyeshewa mpaka jioni, hapana aliyegusa. Huku kwetu chakula kilichoachwa nje namna ile hudhaniwa kafara ya majini, na anayekila hujibebea mkosi wa mwenye nyumba. Uvumi ukaenea. Boga aliyekuwa akimaliza mahamri mia kwa siku, sasa akiuza thelathini hushukuru.

Desturi yenyewe aliikuta kwa Wameitei, watu wa Manipur huko Bara Hindi, alikolazwa katika hospitali ya jeshi. Baridi ikiisha na miti ikichipua, wao huukaribisha mwaka mpya, tarehe kama ya leo. Hufagia nyumba, hununua vyungu vipya, huweka chakula langoni kwa miungu yao, kisha jirani hupelekea jirani sahani.

"Mimi Muislamu, miungu yao siijui," anasema Boga. "Nililolichukua ni lile la jirani. Palikuwa na bibi mmoja, tukimwita Ima, yaani mama. Aliniona nimesimama njiani na mkongojo. Angeniita ndani nisingeingia: askari mgeni, lugha sina, watoto wananikimbia. Akaniwekea sahani nje, akarudi zake ndani. Wallahi nilikula huku nalia. Basi ndiyo maana siwaiti watu. Kuna mtu ana njaa, na ana haya."

Saa tatu, sahani ziko mkekani: wali, samaki wa nazi, boga, mchicha, ndizi mbichi za kupika. Safari hii Boga ameketi kando yake, na kila sahani ameimega yeye kwanza, watu wakimwona.

Wapita njia wanazungukia mbali.

"Boga!" anaita Jumbe, mzee wa nyumba ya pili. "Jini wako leo anakula kitoweo gani?"

"Shikamoo, mzee. Samaki. Karibu umsaidie, meno hana."

Watu wanacheka. Hapana anayesogea. Mishi anatazama kutoka mlangoni, kanga ameiuma.

"Wateja wangu wakirudi, nitajenga kibanda," Boga ananiambia taratibu, mimi niliyesimama karibu naye. "Lakini ninalolitaka hasa, mwakani nyumba nyingine nayo iweke sahani nje."

Hapo Biasha, msichana wa miaka minne, anamponyoka mamake, anakuja kuchuchumaa mkekani. Mama mtu, Dama, anapiga hatua moja kumfuata, kisha anasita. Boga anamsogezea mtoto sahani ya samaki.

Mtoto anachovya vidole, anatafuna polepole. Anamtazama mpishi.

"Samaki hana chumvi."