Mkamuaji Hakuambiwa

Zizi la ng'ombe lilipogeuzwa nyumba ya wageni, watu walicheka mpaka mbavu zikawauma. Nani atoe hela yake alale walipolala ng'ombe? Basi wageni wakaja, tena kwa kugombania. Wanapewa funguo, wanajipikia wenyewe, na wiki ikiisha wanaondoka. Shuka, sakafu na jiko la gesi ni kazi ya mjane mmoja aliyezijua kuta zile tangu zikinuka samadi. Mumewe alikamua humo miaka ishirini na sita.

Balaa lilianzia kwenye kitabu cha wageni. "Kuna mtu anagonga ndoo alfajiri," aliandika mmoja. "Mara mbili, mlangoni." Aliyemfuata hakuandika kitu. Alifungasha siku ya pili, akaacha chai ya moto mezani.

Mwenye shamba, kijana mwenye haraka zake, akaja juu.

"Mama, funguo unazo wewe peke yako. Akikimbia mgeni mwingine, natafuta mtu mwingine. Na hicho chumba unachokaa utamwachia yeye."

"Mimi tena, mwanangu? Nigonge ndoo kwa lipi?"

Lakini alimjua aliyekuwa akigonga ndoo mara mbili kabla ya kuingia, ng'ombe wasishtuke. Mumewe alifia hospitali, na ng'ombe wakauzwa mwezi uliofuata. Katika pilikapilika zile, hakuna aliyekumbuka kumwambia marehemu kwamba kazi imekwisha.

Siku ya usafi aliingia mchana kweupe, akapiga deki, akaenda kumwaga maji. Aliporudi, kulikuwa na nyayo za mabuti ya mpira kwenye sakafu mbichi. Zilitoka mlangoni mpaka kitandani, pale palipokuwa na hori, zikaishia hapo. Hazikurudi.

"Baba watoto," akasema, "ng'ombe wameuzwa wote. Hata yule mkorofi aliyekuvunja kidole. Siku hizi wanalala watu hapa. Nakuomba uende, la sivyo watanifukuza."

Kisha harufu ya maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi ikampita usoni, ikielekea nje. Mlango ukafunguka taratibu, kama unavyosukumwa kwa bega na mtu aliyebeba ndoo mikono yote miwili.

Wiki ile ilikaa familia yenye watoto watatu. Mjane hakupata usingizi wa maana hata siku moja. Siku ya kuondoka, mama wa watoto alimrudishia funguo akitabasamu.

"Hamkusikia chochote alfajiri?" mjane akauliza.

"Wala, mama. Kimya kabisa. Mwakani tunarudi."

Kijana alipiga simu kumpongeza. Kazi ni yake, chumba ni chake. Mjane akashukuru, akakata simu. Halafu akaketi kwenye kitanda kisichotandikwa, akalia kuliko alivyolia siku ya mazishi. Alikuwa amemfukuza mumewe kwa mdomo wake mwenyewe, na mtu yule, msikivu kama alivyokuwa siku zote, akaondoka.