Shujaa Mwenye Jina la Babu

Baba mdogo alifika kwetu Katuba Jumamosi asubuhi na kompyuta aliyoiazima kwa mwalimu mmoja Mbelgiji, na kabla hajaifungua kwenye kitenge akasema, "Saa kumi ninairudisha." Ndani yake kulikuwa na mchezo, na tulikuwa na siku moja tu ya kufika chini ya ngome yake, kwenye mlango wa dhahabu. Hakuna aliyekumbuka kula.

Akaiunganisha na televisheni ya sebuleni, akaingiza kaseti ya mchezo. Kaseti ililia kama jogoo anayekabwa, ikalia, ikalia, kisha kioo kikaandika kwa Kifaransa: umba shujaa wako. Pointi hamsini za kugawa: nguvu, wepesi, akili, bahati, maneno. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na maishani mwangu hakuna aliyewahi kuniuliza ningependa mtu aweje.

Dada yangu mkubwa, bingwa wa hesabu, alitaka kumi kila mahali.

"Muntu wa sawasawa hapotee," alisema.

"Hapotee, lakini hafike!"

Nikatia thelathini kwenye nguvu, ishirini kwenye wepesi, kwingine sifuri. Jina? Nikaandika langu bila kufikiri.

Hapo bibi, tunayemwita kambo, akaingia, akalisoma jina kwa kidole, chini ya kijitu chenye kisu. Jina langu ni la marehemu babu, mumewe. Kwetu jina halirudi peke yake, hurudi na mwenyewe. Ndiyo maana bibi huniita "bwana yangu" na kuniuliza mbele ya wageni kwa nini sijamletea samaki wa Kasenga.

"Uyu njo nani?"

"Njo miye, kambo."

"Hapana. Uyu njo bwana yangu. Munamutuma wapi na ile kisu?"

"Mu shimo. Kuua nyoka."

"Mu shimo! Nilimuzika mara moya, sitamuzika tena."

Dada alicheka hadi akaketi sakafuni. Bibi yeye aliketi kitini, akataka kuelezwa kila namba.

"Nguvu makumi tatu? Weye! Hata gunia ya unga alikuwa anaita majirani. Toa yote. Akili, tia tano: alinunua kinga, ile baiskeli yenye haina freni. Bahati kumi, kwa sababu alinipata miye. Yote yenye inabakia, tia ku maneno. Baba yangu alimukatala mara tatu. Akaongea, akaongea, mpaka baba mwenyewe akamuletea kiti."

Nilitaka kulia. Shujaa asiye na nguvu hata chembe! Lakini tukaanza upya na babu aliyeumbwa na bibi.

Kwenye lango la kwanza mlinzi aliinua shoka. Nikabonyeza: ongea. Shoka likashuka! Nyumba nzima ilipiga yowe, majirani wakajaa dirishani. Lango la pili, mchawi akatupa ufunguo mwenyewe. Tukashuka, tukashuka, hadi ujia wa mwisho. Mlango wa dhahabu ulikuwa pale, na mbele yake joka. Nikabonyeza: ongea. Kioo kikajibu: joka halina masikio.

Baba mdogo alikuwa amesimama na kitenge mkononi. Saa kumi.

"Jaribu bahati!" dada alipiga kelele. "Iko kumi!"

Bibi akauweka mkono wake juu ya wangu. "Mumutoshe inje kwanza."

"Kambo, mulango njo ule!"

"Naona. Na mashini ikizimwa yeye akiwa mule, atatokea wapi?"

Nikamtazama baba mdogo. Babu alikuwa baba yake. Akakitundika kitenge begani. "Mutoshe," alisema. "Mwalimu atangoya."

Tukamgeuza. Dada alitaja njia, kushoto, kushoto, kulia. Vidole vyangu vilikimbia kuliko nilivyojua vinaweza. Mchawi akapisha, mlinzi akapisha, majirani wakihesabu milango kwa sauti, na ghafla kioo kikawa kijani chote: majani, nje, anga. Bibi alipiga makofi polepole, kama anavyosalimiwa mkubwa.

Baba mdogo akachomoa waya.

"Umerudi," bibi alisema, akinitazama mimi. "Samaki iko wapi?"