Taa ya Ufunguo wa Reino Kangas

Reino Kangas aliingia dukani kwangu mara ya tatu mwezi ule wa Machi, theluji ingali viatuni, akaubwaga ufunguo wa gari lake mezani.

"Mtoto wa Toivo, umeniuzia betri mfu tena!"

Mtoto wa Toivo ni mimi. Jina langu Verna, nina miaka hamsini na moja, nachonga funguo na kutengeneza saa, lakini Reino alifanya kazi mgodini na marehemu baba yangu miaka ishirini na saba, basi kwake sitakua. Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Viwili aliviacha mgodini Ijumaa, na Jumatatu akarudi kazini. Huyo ndiye Reino, hamwombi mtu kitu. Mkewe Aili alipoanza kusahau hata majina ya wanawe, alimtunza peke yake miaka minne, hadi walipoanguka wote wawili bafuni. Ndipo akampeleka nyumba ya wazee, maili ishirini na sita kutoka kwetu. Tangu hapo, kila siku saa nane mchana anaondoka, anamlisha chakula cha jioni, anarudi. Aili hali kwa mkono wa mtu mwingine.

Gari lake ni la zamani, ufunguo wake una kitaa kichwani: ukibonyeza, kinakumulikia tundu la kufuli. Majira ya baridi, saa kumi na moja jioni kwetu kumeshaingia giza, kwa hiyo alikihitaji kweli.

"Betri nimebadilisha wiki jana, Reino."

"Basi balbu imechoka. Imefifia. Tazama mwenyewe."

Nikabonyeza. Lo! Iliniwakia usoni mpaka nikafumba macho. Nikamtazama yeye. Ameuinamia ufunguo, kichwa kakipinda upande, anautafuta kwa pembe ya jicho kama kuku anayetafuta punje.

Sikushtuka. Nilijua tangu vuli, na mji mzima ulijua. Saa nane ikikaribia, akina mama waliwaita watoto waingie ndani. Madereva wa malori ya magogo waliegesha kando, wakavuta sigara, wakangoja Reino apite katikati ya barabara. Hata askari wetu alikuwa na mazoea ya kunywa kahawa saa hiyo. Hakuna aliyelitamka. Tuliiita heshima, wapumbavu sisi.

"Daktari wa macho anasemaje?" nilijaribu.

"Daktari wa macho anajua nini kuhusu funguo? Utaibadilisha balbu, au niende kwa mwingine?"

"Mwingine yupi? Waliobaki mji huu ni mimi na muuza pombe."

"Basi fanya kazi, acha porojo. Domo kama la baba yako!" Akacheka, kisha kicheko kikamwisha. "Wakininyang'anya gari, mtoto wa Toivo, Aili hali. Hilo unalijua?"

Hapo ndipo iliponipasa kusema. Heri lawama kuliko fedheha, na maneno yenyewe yalikuwa mawili: Reino, huoni. Mimi nikachukua koleo, nikafungua kichwa cha ufunguo, nikachomoa balbu nzima isiyo na kosa, nikaweka kitaa cheupe kikali, kile cha tochi za wawindaji.

Akabonyeza. Uso wote ukakunjuka.

"Umeona? Nilikwambia ni balbu!"

"Kweli, Reino, ilikuwa balbu." Mungu anisamehe, nilisema hivyo.

Juni wakaja wajenzi wa barabara, wageni kutoka kusini. Msichana mmoja, Tamara Bisson, miaka ishirini na mitatu, aliwekwa konani na kibao cha kusimamisha magari, amevaa fulana ya rangi ya chungwa inayoonekana kutoka mbali. Ilikuwa siku yake ya pili kazini. Hakuna aliyemwambia kwamba saa nane mtu hukaa kando. Nani angemwambia, na sisi wenyewe hatujawahi kuambiana? Alipoliona gari linakuja, aliinua kibao akasimama imara, kama alivyofundishwa. Reino hakukanyaga breki. Alisimama mbele baadaye, akidhani amegonga kulungu. Tamara alikufa palepale.

Siku ya sita nilimkuta Reino jikoni kwake, leseni imechukuliwa, kesi inangoja.

"Ulijua?" aliniuliza.

"Nilijua."

"Na wengine?"

"Wote, Reino."

"Miaka themanini na moja nimeishi nanyi," alisema polepole. "Hakupatikana hata mmoja wa kunitukana usoni?"

Nililia. Yeye hakulia.

"Aili hajala tangu siku ile," akasema. "Wakimpa, anafumba mdomo. Anameza maji tu."

"Inuka twende. Gari liko nje. Nitakupeleka leo, na kesho, na kila siku."

Kwetu mtu haombi lifti, na asiyeomba hapewi. Wala mimi sikuwahi kuyatamka maneno hayo mpaka siku ile.

Reino aligeuza kichwa upande anitafute.

"Kila siku unaweza?"

"Naweza. Dukani mchana hakuna watu."

"Na mwezi wa tatu ungeweza?"

"Ningeweza," nikamwambia.