Tumbo Lilipita, Mikono Ikagoma

Kukwama kwenye mdomo wa tangi si jambo ambalo mtu hulitangaza, lakini karakana haijui kufunga mdomo. Fundi aliingiza miguu kama alivyozoea miaka yote, akaingiza nyonga, kisha tumbo likafika ukingoni na kukataa katakata. Akavuta pumzi, akatoa pumzi, akajizungusha kidogo kushoto kama mtu anayetafuta usingizi. Wapi. Wakapanda watu wawili wakamchomoa, mmoja kwapa hili na mwingine kwapa lile.

Aliyekuwa chini ameshika kamba ya usalama ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa kuchomelea vilevile, mwembamba kama kijiti cha kuchomelea na mwenye ulimi usiolala njaa. Alingoja mpaka mzee wa watu amalize kushuka ngazi ndipo akasema kwa upole, "Hili tangi tusihangaike kulitafutia kifuniko. Tunacho."

Toka siku hiyo jina likawa Kifuniko. Hata mafundi wa geti la nyuma, ambao hawakuona chochote, walimwita hivyo, na yeye akawa anaitika. Angefanyaje?

Sasa, mtu asiyejua kazi ya matangi atauliza, kuna nini huko ndani mpaka mtu ajisumbue? Tangi la maji la chuma huungwa nje na ndani. Mshono wa nje ni wa macho ya watu. Wa ndani ndio unaoshika maji, na ukiwa na tundu la kupitisha sindano, maji yatalitafuta mpaka yalipate. Kifuniko alikuwa fundi wa ndani tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Feni inapuliza hewa kupitia bomba, kamba iko kiunoni, kioo cheusi usoni, na mbele yako chuma kinayeyuka na kuganda, kinayeyuka na kuganda, nawe unasogea polepole kama mtu anayeandika barua kwa mwandiko mzuri. Hakuna anayekusemesha huko. Kifuniko alipenda kazi ile kuliko alivyowahi kukiri, hata kwa mkewe.

Karakana ilikuwa chini ya mama mmoja aliyeirithi kwa marehemu mumewe, na wote walimwita Mama Karakana. Alimwita Kifuniko pembeni, karibu na rundo la vyuma chakavu.

"Kaka yangu, mimi na tumbo lako hatuna ugomvi. Lakini nina matangi ya shule ya kumaliza. Kwa sasa nenda kwenye mageti. Oda ikifika tangi la mwisho, kama unapita, kazi ya ndani ni yako kama zamani. Kama hupiti, namkabidhi shemeji yako moja kwa moja, tusirudie tena haya mazungumzo."

"Nitapita," Kifuniko akasema.

"Na kanuni yetu unaijua."

"Anayeingia atoke mwenyewe."

"Haya."

Alikwenda kliniki kesho yake. Muuguzi alimpima, akamweleza habari ya kalori: kwamba chakula kina nguvu ndani yake kama moto uliofichwa, na ukila moto mdogo kuliko ule unaoutumia, mwili huchoma akiba yake wenyewe. Akampa namba ya kutwa asiyotakiwa kuivuka. Hapo Kifuniko alimwelewa barabara, maana huo ndio usemi wa chuma na moto, tena namba. Muuguzi akaendelea: mayai, samaki, maharage, mboga, ili mwili usije ukachoma kisichotakiwa kuchomwa. Lakini mgonjwa alikuwa ameshaokota kofia yake na amesimama mlangoni anashukuru. Namba ameipata, mengine ya nini?

Ubaya wa mtu wa chuma ni kwamba huamini kilichogongwa chapa. Pleti ya chuma imeandikwa unene wake, mtungi wa gesi umeandikwa uwezo wake, na kisichoandikwa hukigusi, kitakuua. Basi Kifuniko alirudi nyumbani, akafunua sufuria ya mkewe, akaichungulia ndani na nje.

"Haya maharage yana kalori ngapi?"

"Yana chumvi," mkewe akasema. "Kalori sijatia."

"Nauliza kweli, mke wangu."

"Na mimi nakujibu kweli. Mimi napika, sipigi ramli."

Lakini pakiti ya biskuti, ukiigeuza nyuma, kuna maandishi madogo madogo na kila kitu kimesemwa. Chupa ya soda vivyo hivyo. Tambi za pakiti, viazi vya kukaanga vya mfuko, pipi, vyote vina chapa. Kifuniko akaona amepata njia iliyonyooka. Akala biskuti na soda asubuhi, tambi mchana, jioni akamalizia kilichobaki kwenye namba yake, biskuti tena, akazihesabu mezani kama mtu anayegawa karata. Namba hakuivuka hata mara moja. Kwa hilo msimsingizie. Alikuwa mtu wa kuuma meno.

"Unakula kama mtoto aliyeachiwa duka," mkewe akamwambia.

"Nakula kwa hesabu."

"Hata huyo mtoto anajua kuhesabu biskuti."

Kila asubuhi Kifuniko alipanda kwenye mizani kubwa ya kupimia vyuma chakavu, na shemeji yake alikuwepo asikose. "Chuma cha leo kina kutu kidogo," husema, au, "Huyu mpunguzieni bei, chuma gani hiki kisicho na ncha hata moja." Lakini mizani ilikuwa inashuka. Tuseme ukweli, haikumdanganya. Alikuwa anapungua wiki baada ya wiki, mkanda ukaongezwa tundu, shati likaanza kupepea. Watu wakaacha kucheka wakaanza kuuliza siri, naye akawa anawaonyesha nyuma ya pakiti kwa kidole.

Kilichokuwa hakionekani kwenye mizani ni mengineyo. Njaa ilimfika kabla jua halijasimama, maana biskuti ndani ya tumbo ni kama maji kwenye mchanga. Mchana nguvu zilimwishia, mshono wa geti ukaenda kama nyayo za kuku, ikabidi ausage kwa grainda na kuanza upya. Nyumbani alinuna bila sababu. Jioni alikimbilia kitandani mapema asije akanusa jikoni. Hayo yote aliyaweka upande wa gharama ya kazi. Tangi lake lilikuwa linasogea, na hilo ndilo alilolitazama.

Tangi la kabla ya mwisho lilipokuwa tayari, aliomba ajaribu. Mama Karakana akamtazama toka juu mpaka chini, akakubali.

Alipita. Alipita kama barua kwenye kisanduku, tumbo halikugusa hata rangi, na nje wakapiga makofi. Ndani alifanya kazi kwa shida lakini aliifanya, akipumzika kila baada ya kipande. Mshono wa mwisho huwa chini ya mdomo wenyewe, kwa hiyo ngazi ya ndani huondolewa, fundi humalizia akiwa juu ya kigoda. Kutoka, hushika ukingo wa mdomo kwa mikono miwili na kujivuta. Ndivyo alivyotoka kwenye matangi yote ya maisha yake, bila hata kulifikiria.

Akashika. Akajivuta. Kidevu kikafika chini ya ukingo, mikono ikaanza kucheza kama kamba iliyolegea, akarudi kwenye kigoda. Akavua glavu akazivaa tena, akajaribu. Kisha mara ya tatu, na safari hii miguu haikuondoka vizuri hata kwenye kigoda. Alisimama pale kwenye giza akiitazama mikono yake, na mikono ilikuwa ni ile ile, ila nyembamba, kama amevaa ya mtu mwingine.

Uso wa shemeji yake ukatokea kwenye duara la mwanga. Haukuwa na utani wowote.

"Shemeji. Tuvute kamba?"

Kifuniko akakaza fundo la kamba kiunoni. "Vuteni," akasema.

Mama Karakana alikuwa anasubiri chini. "Juzi ulikuwa huingii. Leo hutoki. Kati ya hayo mawili nakuomba unirudishie lile la kwanza, maana hili litaniua mimi kwa presha."

"Tangi la mwisho bado?"

"Kaka, umejisikia ulivyo?"

"Nimejisikia. Tangi la mwisho bado?"

Yule mama akatazama kando, kwenye nafasi iliyo wazi kando ya ukuta. "Pleti zake hazijafika. Zikifika nitakuita mara moja tu. Mara mbili sikuiti."

Kifuniko akarudi kliniki, na safari hii kofia akaiweka chini ya kiti ili asiione. Muuguzi akamshika mkono juu ya kiwiko, akambonyeza.

"Hesabu yako ilikuwa sawa," akasema. "Umepungua kweli. Ila mwili ulikuwa unachoma akiba huku hauna cha kujengea, na kazi ya mkono wako ni nzito. Basi ukabomoa na misuli pamoja na mafuta."

"Kwa hiyo namba ni ya uongo?"

"Namba ni ya kweli, baba. Ukiivuka utanenepa hata kwa maharage. Lakini namba inasema kiasi gani, haisemi ni kitu gani. Tangi la bati na tangi la chuma yanaweza kubeba lita sawa. Wewe ungepanda juu ya lipi?"

Hilo Kifuniko hakuhitaji kuelezwa zaidi. "Lakini maharage hayajaandikwa."

"Yapime makavu, kabla hayajaingia maji. Nitakuonyesha hesabu yake. Na hayo mayai, samaki, mboga. Soda uiache, inamaliza namba yako na haijai hata kwenye jino."

Akanunua mizani ndogo ya jikoni. Kazi kubwa haikuwa kuinunua, ilikuwa kuiingiza ndani. Mkewe aliitazama mizani, akamtazama yeye.

"Ulisema chakula changu hakina chapa."

"Nilisema."

"Miezi yote hiyo nimepika, nimekula peke yangu."

"Nilikosea, mama watoto. Nakuomba unipikie."

Mkewe alikwangua chungu kilichokuwa hakina cha kukwanguliwa. "Mizani iingie," akasema hatimaye. "Wewe usimame mlangoni."

Basi akasimama mlangoni, na kutoka hapo mlangoni akawa anasema "punguza" na "hapo hapo" mpaka siku moja akafukuzwa na mwiko. Kilichowagombanisha zaidi ni mafuta. Kijiko kimoja cha mafuta, kwa hesabu ya muuguzi, kilikuwa na moto kuliko lundo zima la mchicha, na mkono wa mkewe ulikuwa hauna breki.

"Unayapima mafuta yangu kama dawa ya kikohozi. Mkono huu umelea watoto wako."

"Nao watoto si unawaona walivyonona."

Mkewe alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Mafuta yakapimwa.

Siku ya kwanza sahani ilipowekwa mbele yake, samaki, maharage, mboga zimerundikwa na kiazi pembeni, Kifuniko aliisukuma nyuma. "Umekosea. Hii ni nyingi."

"Pima."

Akapima, akajumlisha, akajumlisha tena. Ilikuwa namba ile ile aliyokuwa anaimaliza kwa soda na mafungu ya biskuti. Akala taratibu, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Alasiri ile aligundua kwamba amefanya kazi mpaka mwisho bila kulitazama jua. Biskuti hakuzitupa kabisa. Moja moja ilipita na chai, ikahesabiwa.

Mizani ya chuma chakavu sasa ilishuka kwa kusuasua. Kuna wiki haikushuka kabisa, na wiki hiyo pakiti zilimwita kwa majina yake yote mawili. Hakwenda. Alifunga bomba kati ya nguzo mbili nyuma ya karakana, na kila kazi ikiisha alijining'iniza pale. Mwanzoni alining'inia tu kama gunia. Shemeji yake alileta kigoda, akakaa, akatazama.

"Nguo zikikauka utaniambia nianue."

Kifuniko akavuta, akashuka.

"Lakini shemeji, tusidanganyane. Mimi naitaka ile kazi ya ndani."

"Najua."

"Na nitaichukua ukikwama."

"Najua, bwana."

"Basi vuta. Usikae kama pazia."

Akavuta. Jioni nyingine akavuta zaidi, na nyingine mikono ikakataa, akarudi keshoye.

Pleti zilifika asubuhi moja bila taarifa, na karakana ikawa kelele tupu mpaka tangi likasimama. Mama Karakana akamwita, mara moja, kama alivyosema. Kifuniko akafunga kamba kiunoni. Tumbo lake halikuwa dogo kama lile la biskuti. Lilipofika ukingoni lilisita, likasugua kidogo, kisha likapita. Ndani alifanya kazi bila kupumzika kila kipande. Mshono wa mwisho aliuchomelea juu ya kichwa chake, cheche zikimmwagikia mabegani, na ulipopoa akaupitisha kidole ndani ya glavu, kutoka mwanzo hadi mwisho, hapakuwa na mahali pa kusimamia ukucha.

Kisha akapanda kigoda, akashika ukingo.

Nje watu walisogea karibu. Shemeji yake alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili, hakuivuta. Kikatokea kidevu, chekundu kwa joto. Vikafuata viwiko, kimoja kwanza, kingine baada ya kitambo kilichowatoa watu jasho. Kikatokea kifua. Tumbo likasugua tena, na mara Kifuniko akawa amekaa juu ya ukingo, miguu yake ikiwa bado ndani, anahema kama mvukuto.

Shemeji yake akafungua kamba mkononi taratibu, akaikunja. "Hongera, shemeji," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepoteza kitu na kukubali.

Mama Karakana hakusema hongera. Alisogea chini ya tangi, akakinga jua kwa kiganja.

"Wiki ijayo kuna matangi mengine. Mwenye oda anataka mdomo mdogo kuliko huu."

Kifuniko alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Nipe kipimo chake," akasema, akatoa miguu nje, akaanza kutafuta ngazi kwa mguu.